Kikao cha Kuchagua Atakayeieleza Seli ya Mmea

UMOJA WA AKINA MAMA WANAORUDI DARASANI, KISENYI, KAMPALA

Tarehe: Jumatano, 14 Mei 2025
Mahali: Chumba cha nyuma, dukani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Hajati Hindu (Mwenyekiti), Aciro, Taqwa, Rumaisa (Katibu) na mtoto wake.
Asiyekuwepo: Ayot, kwa udhuru. Mumewe amehamishiwa kambi nyingine ya jeshi, naye Ayot anafunga mizigo.

KUMB. NA. 1/5/2025: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa tisa badala ya saa nane kwa sababu Katibu alikuwa ananyonyesha. Mwenyekiti alisema mtoto asikatishwe, sisi wote ni wazazi.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba Mwalimu Okwera amebakiza nafasi moja tu katika darasa lake la mchana la Senior Three, yaani kidato cha tatu. Jumamosi atakuja kuitazama seli ya mmea tuliyoitengeneza kwa vitu vya nyumbani, na mama tutakayemchagua, akiieleza vizuri, ndiye atakayeipata nafasi hiyo.

KUMB. NA. 2/5/2025: KUKAGUA SELI
Wajumbe waliikuta seli imelala upande. Katoni ya sabuni, ambayo ndiyo ukuta wa seli, ilikuwa imebonyea, na njegere zimejikusanya pembeni.

Aciro aliulizwa, kwa sababu seli huhifadhiwa nyumbani kwake. Alikiri kwamba asubuhi bomba lilikauka wakati mtoto wa Katibu, aliyeachiwa kwa muda mfupi, amejichafua mwili mzima. Hivyo aliifungua kaveera, ule mfuko wa plastiki wenye maji uliokuwa katikati ya seli, akamuogesha. Alisema hakujua kama maji yale yana kazi, alidhani ni pambo. Mwenyekiti alisema maneno ambayo Aciro aliomba yasiandikwe, na hayakuandikwa. Katibu alimshukuru Aciro kwa kumuogesha mtoto.

KUMB. NA. 3/5/2025: NANI ATAIELEZA
Mwenyekiti alimpendekeza Taqwa. Aciro aliuliza kama Taqwa anapendekezwa kwa akili yake au kwa kuwa ni mkamwana wa Mwenyekiti. Mwenyekiti aliagiza swali hilo nalo lisiandikwe. Limeandikwa kwa sababu Taqwa mwenyewe alicheka akasema liandikwe.

Taqwa alisimama akaeleza bila kukosea. Katoni ni ukuta, unaoipa seli umbo. Kaveera iliyotandikwa ndani yake ni utando, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Uji wa muhogo ni saitoplazimu, ambamo vingine vyote vinakaa. Kitunguu ni kiini, kinachotoa amri. Karanga ni mitokondria, zinazotoa nguvu. Njegere ni kloroplasti, zinazotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mmea. Wajumbe walipiga makofi.

Aciro aliuliza kwa nini basi seli imelala. Taqwa alijibu kwamba katoni ni mbovu. Mwenyekiti alisema katoni imetoka dukani kwake na si mbovu.

Katibu aliomba ruhusa ya kusema, akasema:

“Katoni haina kosa. Yale maji ndiyo vakuoli. Yakijaa yanausukuma ukuta kwa ndani, na mmea unasimama. Yakipungua, ukuta upo, kiini kipo, kila kitu kipo, lakini jani linalegea. Ndiyo maana wauza mboga za dodo wa soko la Wandegeya wanazinyunyizia maji mchana kutwa.”

Kaveera ilijazwa maji ya jerikeni, ikafungwa, ikarudishwa katikati. Katoni ilijinyoosha polepole mbele ya wajumbe wote.

Mwenyekiti aliuliza nani alimfundisha Katibu hayo. Katibu alijibu kwamba aliacha shule Senior Two alipopata mimba, na hayo aliyafikiria tu akiwa sokoni, mtoto mgongoni.

Taqwa aliondoa jina lake. Alisema, “Mama, mimi nimekariri. Huyu ameelewa.” Mwenyekiti alirekebisha ushungi wake, akakubali.

AZIMIO: Katibu alisita kuandika azimio linalomhusu mwenyewe. Alieleza kwamba hana wa kumwachia mtoto saa za darasa. Aciro alisema Jumatatu hadi Jumatano ni zake. Taqwa alichukua Alhamisi na Ijumaa. Mwenyekiti alisema, “Sasa andika, mwanangu. Na uandike kwa herufi kubwa.”

ATAKAYEIELEZA SELI JUMAMOSI NI RUMAISA.

Wajumbe walitawanyika saa kumi na nusu, baada ya Katibu kupewa nafasi ya kufuta machozi.

Hajati Hindu, Mwenyekiti: ....................
Rumaisa, Katibu: ....................