Utani Uliokauka Soko la Mwanga

Shikamoo shangazi. Mvua ya Kigoma haina adabu, ila samaki wake, migebuka, ungewala na miiba. Jana sokoni Mwanga nilinunua kwa mama mmoja aliyekimbia vita Kongo. Nikamchokoza kama tunavyochokozana nyumbani: "Mama, wewe kabila gani? Isije ikawa ni mtani wangu!" Uso ukamkauka. Akamvuta mwanawe nyuma yake. "Nani amekutuma?" Nikajieleza huku nikicheka peke yangu. Muuza nyanya wa pembeni akaninong'oneza kwamba kwao waliouliza hivyo walikuja na mapanga.

Leo nimerudi kumwomba radhi. Meza yake ni tupu, na hakuna anayejua alipo. Niombee nimwone, shangazi. Wanangu wakianza kutaniana makabila hapo kwako, waache wacheke.

Mwanao, Tabu