Kabati la Mashine Isiyokuja

Nyumba ya pembeni, nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe tisa, alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Bingwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na kwamba siku hizi unakula chakula cha moto na si vile vipande vya mkate ulivyokuwa unavisifia. Sisi huku tunapumua. Mgongo unanisumbua kidogo kwa kuinamia mabango kutwa nzima pale kiwandani, lakini huo si ugonjwa, ndiyo kazi yenyewe ya uchapaji. Mpwa wako ameota meno mawili ya mbele na anang'ata kila kinachopita. Habari za Baba nitakupa, ila si hapa juu, maana nikianza nazo nitashindwa kukuuliza hali yako kwa moyo mweupe. Basi, hujambo? Unalala vizuri?

Utashangaa kupata karatasi. Nimechoka na simu. Nikikuandikia ujumbe unanirudishia kile kidole gumba cha manjano, na ukituma sauti, Baba anaifungulia hadi jirani anajua umekohoa mara ngapi. Nimetaka kitu utakachokishika kwa mikono miwili ukisome mpaka mwisho.

Sasa nizungumzie hiyo mashine yako mpya ya gemu.

Huu ni mwaka wa tatu tunaisikia. Kwanza uliapa itatoka kabla mwaka haujaisha. Mwaka ukaisha. Ukasema kiwanda kinachoitengeneza kimekosa vipuri, tuhesabu miezi sita. Tukahesabu. Safari moja ilikuwa inasoma diski zote za zamani, safari nyingine haina hata mahali pa kuingizia diski. Leo nyembamba kama kitabu, kesho nene kama tofali, ina feni mbili. Na kila mara umeambiwa na mtu wa ndani. Huyo mtu wa ndani yuko ndani ya wapi, jamani, mbona hatoki? Wenye kiwanda wenyewe hawajafungua mdomo. Hakuna mtu niliyemsikia akisema ameishika kwa mkono wake. Ni porojo zinazoliwa na watu wazima kama karanga.

Usiniambie kwamba mimi sijui mambo ya gemu. Mabango nayajua. Mwezi wa kumi alikuja mwenye duka la vifaa kutaka bango la mlangoni, na picha aliyoleta ni ileile uliyomtumia Baba ukasema imevuja. Nikaikuza ienee ukuta mzima. Kivuli cha mashine kinaangukia kulia, cha padi ya kuchezea iliyo pembeni yake kinaangukia kushoto. Yale maandishi ya nyuma, penye matundu ya waya, si maandishi, ni mikwaruzo. Mtu amekaa kitandani kwake akachora, akapata wa kumwamini. Nilimwambia mwenye duka, akacheka, akasema nimchapie tu, watu wanapenda kungoja. Nikamchapia, na ikakaa mlangoni mpaka jua likaipausha.

Wengine wakingoja hawapotezi kitu. Sisi tumepoteza, na ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka jinsi ilivyoanza. Tulipomzika Mama, wewe ukarudi huko, mimi nikabaki na Baba ambaye kwenye simu hajui kuongea. Anasema haya, anasema vizuri, anakata. Ukamtumia ile mashine uliyokuwa nayo, ukanunua nyingine kama hiyo, mkaanza kucheza mpira kila Jumapili saa kumi, yeye sebuleni na wewe huko kwako. Nilicheka sana kumwona mzee wa watu na hedifoni kichwani. Lakini nilikuwa nafua uani na dirisha liko wazi, nikawa nasikia. Pitisha kushoto. Rudi, rudi nyuma. Halafu mpira ukitoka nje, kwa sauti ileile: "Mama yako alikuwa hapendi nilalie mkono huu." Mambo ambayo mimi niliye naye nyumba moja sijawahi kuambiwa, wewe uliambiwa kati ya kona na goli. Sikuona wivu. Nilishukuru.

Ikaja siku mashine ikagoma kusoma diski. Fundi redio wa hapa mtaani akasema ni jicho la ndani tu, linabadilishwa. Nani alikataa? Wewe. Ukasema Baba, usihangaike na mkweche, mpya inakuja, nitakuletea hiyo. Ukamwambia na wewe yako umeifunga ndani ya boksi, mtaanza upya wote wawili siku moja. Baba akafurahi kama mtoto. Akaibeba mashine yake mwenyewe mpaka kwa fundi redio, akamwachia iwe ya kuchomolewa vipuri. Jumapili ile saa kumi alikaa sebuleni, akaangalia televisheni iliyozimwa, akaenda karakana.

Wewe umesahau Baba ni nani. Seremala akiambiwa kuna kitu kinakuja, hakai akakisubiri. Anakitengenezea mahali.

Kabati la kwanza alilitengeneza kwa vipimo ulivyomtumia, mashine ya kusimama, na mlango wa kioo. Nililipenda, na nilikwambia. Baada ya miezi mitano ukatuma sauti kwamba hapana, imebadilika, ni ya kulala, na inahitaji hewa. Akalifumua. Akatoboa mgongo mzima kwa matundu ya kupitishia hewa, mstari kwa mstari. Ukaja na habari ya feni mbili na unene wa tofali. Akalifumua tena. Majirani walianza kumtania, wanamuuliza mgeni wake amefika wapi, na yeye anajibu kwamba yuko njiani. Nilikuwa nataka kuwatukana watu wazima barabarani, Mungu anisamehe.

Katika kulifumua huko mara ya pili ndiko nilikoona kitu. Ubao wa mbele umekatwa upande. Si kidogo. Msumeno umeanza juu ya mstari wa penseli na umeishia vidole viwili nje yake. Unamjua Baba, maisha yake yote hajakosea hata unene wa kucha. Akapitisha kidole kwenye ule mkato, akasema ubao ulikuwa mbovu. Ubao ulikuwa mzima, Bingwa. Nilimshika mkono nikampeleka kwa daktari wa macho.

Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, halioni hata taa. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari hakuzunguka, alisema kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kuchelewesha tu, na hilo lililobaki tulihesabie mwaka mmoja, tukibahatika mmoja na nusu. Hii ni miezi minne iliyopita. Baba alinikataza nisikwambie na nikamtii. Leo nimeacha kumtii.

Sasa chukua ile sauti yako ya wiki mbili zilizopita uisikilize mwenyewe. Ulisema kwa furaha kabisa kwamba mtu wa ndani amethibitisha, mashine itaonyeshwa mwishoni mwa mwaka kesho, na kuuzwa mwaka utakaofuata, Baba avumilie, safari hii ni kweli. Fanya hesabu. Hata kama ni kweli, na mimi sisadiki hata nusu, itafika kwa mtu asiyeweza kuiona.

Asubuhi yake nikamkuta karakana anapapasa mbao. Kabati la nne. Ulishamwambia ni pana zaidi. Nikamfichia msumeno nyuma ya pipa, maana mtu mwenye jicho moja la bomba atajikata vidole kwa ajili ya picha ya kuchora. Akautafuta siku mbili bila kuniuliza. Siku ya tatu nikashindwa, nikamwambia, "Baba, hiyo mashine haipo."

Akaniambia, "Najua."

Nikakaa juu ya mbao. Nikamuuliza, kama anajua, kabati la nini? Akajibu taratibu, bila hasira, na ninakuandikia neno kwa neno: "Nikimuuliza habari zake, ananijibu siku ya tatu. Nikimuuliza vipimo, ananijibu hapohapo."

Nimekuwa nikiyageuza maneno hayo tangu siku ile na sijapata mahali pa kuyaweka. Miezi yote hiyo nilimdhania amedanganyika, kumbe mjinga nilikuwa mimi. Alikuwa anafumua kabati ili apate cha kukuuliza.

Nikamrudishia msumeno wake, nikaenda kwa fundi redio. Nilikuta mashine yetu iko rafuni, imebaki ganda na mfupa. Fundi ni mtu mwema, ana nyingine ya aina ileile iliyokufa kwa ugonjwa tofauti, akazifungua zote mbili akatengeneza moja. Amenipa leo baada ya chakula cha mchana. Inakoroma kidogo ikiwaka, lakini inasoma diski. Kwenye kabati haikuingia, nafasi aliyoiacha ni ya kitu kingine, ikabidi niiweke juu. Baba aliipapasa pande zote, akakuta ule mchubuko wa siku ulipoitupa kwenye sanduku bila kuifunga vizuri, akacheka. Mara ya kwanza mwaka huu.

Saa kumi kasorobo alikuwa amekaa na hedifoni kichwani. Padi anaikumbuka kwa vidole, hahitaji kuiangalia. Nikamuunganishia mtandao. Ikaja ile orodha ya marafiki, ambayo kwa Baba ina jina moja tu.

Jina lako lilikuwa na kidoa cha kijani.

Pembeni yake pameandikwa unacheza, tena mpira, diski ileile, umeingia tangu saa nane, na uko na watu wengine watatu. Hiyo ni mashine gani, Bingwa? Ni hiyo iliyofungwa ndani ya boksi? Chini pakaandikwa kwamba hiyo ni mechi yako ya elfu moja na mia mbili. Ya mwisho kati yako na Baba niliikuta imeandikwa, ilikuwa ya mia moja na nne. Sikuhitaji kurudi shule ili kujua hizo nyingine zote zilichezwa lini.

Maandishi yale ni madogo mno kwa Baba. Kile kidoa hakioni kabisa. Kitufe cha kukualika kilikuwa chini ya kidole changu, na nitakwambia ukweli, sikukibonyeza. Niliogopa ungekataa naye amevaa hedifoni.

Akaniuliza, "Bingwa yupo?"

Nikamwambia, "Hayupo, Baba."

Akatikisa kichwa, akasema utakuwa kazini, huko kwenu hawajali Jumapili. Akasema tukusubiri kidogo. Sijawahi kumdanganya mzee yule, na leo nimemdanganya kwa ajili yako, na siwezi kukuahidi kwamba nitakusamehe haraka.

Sikuombi mashine. Usitume, na ukiletewa tetesi nyingine zimeze mwenyewe. Sikuombi hata uje, ingawa ungekuwa na haya ungekuja. Nimeshaziona mechi zako, najua saa unazo. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa naiwasha kila Jumapili saa kumi, na nitasimama nyuma ya kiti chake nikiangalia kidoa chako, kwa sababu yeye hawezi. Imebaki miezi minane, Bingwa, tukibahatika kumi na minne. Akikuuliza vipimo, mpe vyovyote, halafu mwambie na habari zako.

Shangazi fundi cherehani anakusalimu, anasema mashine yake yeye ipo na inashona. Binamu kinyozi anakusalimu na anauliza kama bado una nywele. Mpwa wako angekusalimu kama angekujua. Fundi redio naye amesema nikufikishie salamu, na kwamba lilikuwa jicho la ndani tu, kama alivyosema tangu mwanzo.

Baba anakusalimu sana. Nimetoka kumwangalia sasa hivi kabla sijafunga bahasha. Saa kumi na mbili inakaribia, hedifoni bado ziko kichwani, padi iko mapajani. Ameniomba nikuandikie kwamba usijali, ameelewa una kazi nyingi, na kwamba hajachoka.

Mungu akulinde uendako na akurudishie moyo uliotoka nao hapa nyumbani.

Wako akupendaye, na leo kwa shida,

Dada yako.