Kifua Kilichobaki Nyuma

Neema mwanangu,

Unakumbuka tulivyokimbia vita kutoka Rutshuru? Kila mara ulichuchumaa kando ya barabara, mikono magotini, ukaniambia, "Mama, ungoje. Kifua yangu imebaki nyuma." Watu waliobeba magodoro kichwani wakacheka, wakakuita kizee: "Angalia kamuzee aka!" Nawe ukacheka nao, na mbavu zako zikapiga mluzi. Nilidhani ni uchovu.

Kambini Kanyaruchinya ulikohoa wiki nzima. Jirani yetu Mama Kavira akakufungua kinywa, akatazama kile kinyama kinachoning'inia kooni. "Ni kilimi, imerefuka. Muzee mwenye kukataka vilimi atamukata, itaisha." Mimi mwenyewe nilikushika kichwa, wembe ukapita. Siku mbili ulijizuia kukohoa kwa maumivu, nami nikamshukuru yule mzee. Siku ya tatu mvua ilinyesha, nikawasha kuni mbichi ndani ya hema, moshi ukakuziba pumzi. Ulikufa mchana ule juu ya pikipiki, tukienda hospitali, mgongo wako kifuani pangu.

Sasa tunaishi Ndosho, na mdogo wako Rehema anapiga mluzi uleule. Muuguzi alinieleza: "Hii ni pumu, Mama. Kilimi haina kosa." Alitoboa kitako cha chupa ya plastiki, akapachika pompe, kile kikopo cha kupuliza dawa, akamfundisha Rehema kuvuta pumzi polepole mdomoni mwa chupa. Tangu hapo moto wangu unakaa nje, hata mvua inyeshe. Nimejua pia kwamba mbavu zikizama akivuta pumzi, au akishindwa kumaliza neno, nampa pompe na kukimbia naye hospitali papo hapo.

Jumapili Mama Kavira akaja na yule mzee wa wembe.

"Mama Neema, iyo pompe itamuzoeza mutoto vibaya."

"Mukae, munywe chai. Lakini wembe ibaki mufukoni."

"Unatuzarau?"

"Na nyinyi munizarau, haina shida. Kinywa ya mutoto wangu hamutaifungua."

Walikunywa chai, wakaenda bila kuaga. Waende.

Jana Rehema alikimbizana na wenzake juu ya mawe meusi ya volkano, akachuchumaa kama wewe. Sikumkataza kukimbia. Nilichukua chupa nikamfuata, akavuta dawa, na baada ya muda akainuka, akakimbia tena.

Kifua chako nilikiacha njiani, mwanangu, kwa kutojua. Cha Rehema kikibaki nyuma, ninarudi kukichukua, kila siku, wacheke wasicheke.

Pumzika.

Mimi Mama Neema. Jina hilo bado naliitikia.