Tela Mbili za Samadi

Groningen, 14 Machi

Baba mpendwa,

Natumai hujambo na mguu umepata nafuu. Mimi mzima, ila viganja vimejaa malengelenge. Chuo kinatutaka kila Alhamisi tukajitolee kwa wakulima, nami nimepangiwa kwa mjane mmoja wa kilimo hai, Sietske Wiarda. Ana miaka sitini na tisa, na mboga zake hazijaguswa na dawa tangu enzi za mumewe. Anatucheka tunavyolima. "Jembe mnalishika kama kijiko cha supu," anasema.

Aliyekuwa akimpa samadi ameuza ng'ombe. Nikamwambia baba yangu anayo, tena safi. Ni safi, Baba, sivyo?

Mwanao,
Baukje

Dokkum, 21 Machi

Mwanangu Baukje,

Salamu zimefika. Mguu hivyo hivyo, ng'ombe wazima. Samadi nitaileta mwenyewe Jumamosi, tela mbili, wala asinilipe. Nimefurahi kusikia umepata mama wa kukufundisha kazi. Nyumba imepoa tangu uondoke.

Baba yako

Groningen, 9 Juni

Baba,

Hujambo? Mimi mwili mzima, moyo hapana. Maharage na nyanya za Mama Sietske zimechipua kisha zikajikunja, majani membamba kama nyuzi. Tulidhani ni baridi. Wakaguzi wamepima udongo, wamekuta dawa ya magugu. Wanasema ng'ombe akila nyasi zilizopuliziwa, dawa inapita tumboni na kutoka na samadi, nguvu zake zile zile.

Mama Sietske akawaambia samadi haina kosa, ilitoka kwa baba wa binti huyu. Alinishika bega akisema hivyo.

Uliwalisha nini?

Mwanao,
Baukje

Groningen, 30 Juni

Baba,

Natumai u mzima, maana simu hupokei. Cheti chake cha kilimo hai kimefutwa. Maduka yameacha kuchukua mboga zake. Tafadhali nijibu.

Baukje

Dokkum, 18 Agosti

Mwanangu,

Sijui nikujulie hali kwa mdomo gani. Kiangazi cha mwaka jana, kwa ule ukame, nilinunua nyasi kavu za jirani. Aliniambia wazi zimepuliziwa, samadi ya ng'ombe watakaozila isipelekwe kwenye mboga. Nilijua, Baukje. Ulipouliza, ulikuwa umeshanisifu kwa watu. Nikaona aibu kukwambia baba yako si huyo unayemsimulia. Nikajipa moyo kwamba mvua itaisafisha.

Nataka nije nimwombe radhi.

Baba yako

Groningen, 3 Oktoba

Baba,

Mimi mzima. Natumai nawe.

Usije. Shamba limenunuliwa na mkulima wa viazi, na wiki iliyopita ameanza kupulizia dawa. Mama Sietske anahamia chumba kimoja kwa dada yake.

Barua yako nilimsomea mwenyewe. Wenzangu walikuwa nje wakikusanya vigingi vya maharage. Alisikiliza hadi mwisho akiwa anafunga vikombe kwenye magazeti, hakuacha kufunga.

Kisha akaniuliza, "Na wewe ulijua?"

Nikamwambia sikujua.

Akafunga kikombe kingine. Hakuwa na hasira, Baba. Angekuwa nayo ningepumua. Akasema, "Nataka kukuamini. Nimejaribu tangu ulipoanza kuisoma barua hii. Siwezi tena."

Akaniomba nimsogezee sanduku, nikamsogezea. Nikaenda kuwasaidia wenzangu, tukamaliza vigingi, tukaondoka. Hakutoka kutuaga.

Mwanao,
Baukje