Keki ya Arobaini

Mwanangu Hadiya,

Marahaba. Mimi sijambo, ni mgongo tu. Mbuzi kazaa mapacha. Jikoni nimeezeka makuti mapya.

Umeniuliza tena kama shamba la mama yako nitaikodishia kampuni ya keki ipande miwa ya sukari yao. Ngoja nikwambie jambo.

Arobaini ya mama yako ulileta katoni ya keki zao. Moja ilibaki. Sadaka haitupwi jaani, basi niliitoa karatasi nikaifukia shambani, kwenye muhogo wake. Mwaka ukapita. Mwezi uliopita nachimba muhogo, jembe likaitoa. Laini, Hadiya. Inanukia vile vile. Sisimizi wamejaa, wanaizunguka, hakuna anayeigusa.

Si unajua mimi napakia katoni zao pale kiwandani? Nikaenda nayo, nikamwonyesha meneja. Akacheka.

"Mzee Tsuma, ndiyo faida yenyewe hiyo! Ikioza dukani tutakula wapi?"

Halafu akaninong'oneza, "Ule muhogo wako usio na dawa niwekee. Wanangu keki hizi siwapi."

Mama yako udongo ulimpokea. Keki hii udongo umeikataa.

Shamba sikodishi, usiniulize tena. Nimepanda upya. Vijiti vyote vimechipua, ila pale ilipolala keki hakuna kitu.

Nimeiweka kabatini. Ingali laini. Ukija Idi utaichukua wewe uliyeileta. Mimi sina pa kuizika.

Nisalimie wajukuu. Wape muhogo.

Baba yako,
Tsuma