Ndoo ya Mama Akinyi

Jumatatu, 3 Machi
Mashamba sita leo, Seme, upande unaoteremka ziwani. Kazi ni ileile: vishimo kumi na tano kila shamba, udongo wote kwenye ndoo moja, koroga, pima. Kisanduku cha kupimia kinatoa majibu papo hapo. Saumu bado changa, koo kavu kama gunzi. La mwisho lilikuwa la Mama Akinyi, mjane. Alinionea huruma, akaniambia nikae kivulini, ndoo ataijaza yeye. Nikakaa. Udongo wake mzuri ajabu! Nimerudi nyumbani Kaloleni, mjini, na furaha.

Jumatano, 5 Machi
Ramani imetoka. Sichoki kuitazama. Nyekundu ni udongo mchachu unaohitaji chokaa ya kupunguza uchachu, kijani ni wenye rutuba. Mteremko mzima mwekundu, isipokuwa doa la kijani kwa Mama Akinyi. Kompyuta hukisia rangi kati ya kipimo na kipimo, kwa hiyo kijani chake kimemwagikia majirani wawili ambao sikuwapima. Kwa nini pale tu? Majivu? Mto wa zamani? Swali limenikaa kichwani hata wakati wa futari.

Bosi kafurahi. Orodha ya watakaogawiwa chokaa inafungwa Jumatatu. Wekundu tu ndio watapata.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudi bila kutumwa. Mabua ya msimu uliopita bado yamesimama kwa Mama. Membamba kama vidole, hayakuzaa. Rutuba gani hii? Nikapima katikati ya shamba. Mchachu. Nikapima tena. Mchachu.

Nikamuuliza alichimba wapi. Akacheka kwanza. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye gunda: pale palipokuwa boma la ng'ombe la baba mkwe wake. Samadi ya miaka na miaka. Ndoo nzima ilitoka hapo.

"Si ulisema unapima, Bwana? Mtihani ni kupita. Shemeji anasema nimeharibu shamba ya ndugu yake, anataka kuichukua. Nikifeli, nitaenda wapi?"

Seme yote inajua sukuma wiki ya gunda haihitaji mbolea. Mimi mtoto wa mjini hata sikuuliza.

Ijumaa, 7 Machi
Naogopa. Nikisema, bosi atajua nilikaa kivulini. Nikinyamaza, mashamba matatu yatakosa chokaa, na mvua iko njiani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baada ya sala nikaenda ofisini nikasema yote. Alinigombeza mpaka karani akatoka nje. Nimestahili. Amri yake: nipime yote matatu, la Mama na ya majirani wawili, kabla ya Jumatatu, bila gari la ofisi.

Jumamosi, 8 Machi
Vishimo thelathini. Malengelenge. Mama alitaka kusaidia, nikakataa, naye akanifuata na maswali: chokaa ni nini, inawekwa lini, kiasi gani. Anauliza vizuri kuliko wenzangu wa ofisini. Nimefurahia siku hii kuliko nilivyostahili.

Shemeji, Mzee Okeyo, alisimama mpakani siku nzima akingoja kuona aibu ya Mama ikiandikwa. Simpendi. Shamba la tatu ni lake. Nilipomwambia nalo lazima lipimwe, alicheka. Lake analijua, akasema. Jua likaniwahi kabla sijafika kwake.

Jumapili, 9 Machi
Nimemaliza la Mzee Okeyo asubuhi. Mama na Mzee walipotoka kanisani nikawasomea majibu, wote wawili wamesimama. Namba ikishuka, uchachu umezidi; chini ya tano mahindi hayastawi. Mama: nne nukta tisa. Mzee: nne nukta saba.

Mzee akaniomba nisome tena. Nikasoma.

"Hata mimi?"

Hata wewe, Mzee. Nikamweleza kwamba mteremko wote ni hivyo. Hakuna aliyeuharibu. Ni mvua, na miaka mingi ya kulima bila kurudisha kitu.

Alitazama mabua ya Mama. Habari ya kulichukua shamba la ndugu yake hakuigusa. Akamuuliza Mama, si mimi, kama hiyo chokaa inawekwa kabla ya kupanda ama baadaye.

"Kabla," Mama akasema. "Ikifika, kuja nikuonyeshe."