Betri Uliyoniazima

Kaka Hemedi,

Salamu zangu nakutumia kwa dua, maana njia nyingine sina. Mkeo, wifi Zuhura, ametoka eda Alhamisi iliyopita. Nilisubiri siku hiyo ipite ndipo nishike kalamu, na hata sasa naandika nikifuta. Kuna jambo nililisema mbele ya watu baada ya kukuzika, na nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Unaikumbuka siku niliyokuomba betri. Darasa la kina mama hapa Baleni lilikuwa limeanza kuchangamka. Kijiji kilitupa redio tusikilize vipindi vya kisomo, lakini betri zake ziliadimika mpaka madukani Kilindoni. Nikakuambia, "Kaka, pikipiki si inawaka kwa teke? Tuazime betri yake wiki moja tu." Ukacheka. "Dada Mwanaidi, ukinivua betri umenivua honi na indiketa." Nikakujibu kwamba magari ya Mafia nzima yanahesabika kwa vidole, nani wa kukugonga?

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Ukachukua bisibisi, ukaifungua palepale.

Wiki moja ikawa miezi. Ilipolegea uliirudisha kwenye pikipiki siku moja ikajae, kisha ukaniletea tena, na kina mama wakakupigia vigelegele. Sisi wawili tukazoea. Tulipokwenda kwenye vijiji vipya, wewe bwana afya kukagua vyoo na visima, mimi kuzungumza na wanawake, ulikuwa ukiniambia, "Kulia, dada," nami kule nyuma nanyoosha mkono, buibui linapepea. Wewe usingeweza. Kwenye mchanga ule, ukiachia tu mkono wa kulia mafuta yanakatika na gurudumu linazama. Watoto wa Kirongwe walikuwa wakituona wanatuigiza, mmoja anavuma kama injini, mwenzake nyuma kanyoosha mkono. Ulicheka mpaka ukasimamisha pikipiki.

Lakini mimi nilikuwa napandia hapa Baleni. Kutoka Kilindoni mpaka hapa ulikuwa peke yako. Sikuwahi kujiuliza, kabla hujanifikia mimi, ni nani alikuwa anakunyooshea mkono.

Jumatatu ile nilikuwa ubaoni. Nilisikia pikipiki yako kwa mbali, nikawaambia kina mama wamalizie mstari kwa sababu bwana afya anakuja kunichukua. Halafu nikasikia honi ya lori la kijiji, ndefu. Halafu kishindo, na nazi zinaporomoka. Halafu sikusikia kitu.

Tulikukuta ubavuni mwa barabara, pale pale unapokata kulia kuja darasani. Makame, dereva, alikuwa ameshuka kwenye lori, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa anarudia, "Nimepiga honi, nilikuwa nampita, akanikatia mbele." Jua la asubuhi lilikuwa linampiga usoni na vumbi lako limetanda. Nilipiga magoti nikainamisha sikio. Uliniambia, "Makame hakuniona nikikata, dada." Ukalirudia jina lake. Nikakutamkisha shahada, midomo yako ikafuata, ikaishia katikati.

Maneno yale niliyasikia mimi peke yangu.

Makame alipelekwa kituo cha polisi siku ileile. Watu walikuwa na hasira, nawe unajua ulivyopendwa. Wakasema alikuwa anakwenda mbio, wengine wakazusha kwamba mliwahi kugombana. Nilikaa msibani na wenzangu nikayasikia yote, nikanyamaza. Nilijiambia nangoja tukuzike kwanza. Tukakuzika. Nikajiambia nangoja hitma. Ukweli ni kwamba niliogopa, kaka. Kusema kwamba Makame hakukuona ukikata kulikuwa ni kueleza kwa nini, na kile cha kueleza kilikuwa mezani kwangu, kimeunganishwa na redio.

Siku sita.

Siku ya sita alikuja Tatu, mke wa Makame. Unamjua, yule aliyekuwa anakaa mkeka wa mbele na kushika kalamu kama mwiko. Alikuja darasani kabla ya wenzake. Alikuwa bado hawezi kuandika barua, akaniomba nimwandikie mumewe kule kituoni. Nikaketi. Akasema, "Mwandikie watoto wazima." Nikaandika. Akasema, "Mwandikie mama yake anakula kidogo sasa." Nikaandika. Kisha akasema, "Mwandikie mimi najua si mtu wa kuua." Kiwiko changu kilikuwa kimeigusa betri yako. Nikaweka kalamu chini. Nilimwambia Tatu kila kitu, yeye wa kwanza, na hakunitukana. Aliniuliza tu, "Sasa unangoja nini, mwalimu?"

Nikakata nyaya, nikaifunga betri kwenye kanga, tukatembea pamoja mpaka Kilindoni. Kituoni niliiweka juu ya meza, nikaeleza: indiketa zilikuwa hazifanyi kazi, honi hakuna, betri niliiomba mimi, na marehemu kabla hajakata roho alisema Makame hakumwona akikata. Askari aliandika, kisha akainua macho. "Siku ya kwanza ulikuwa wapi?" Nilimjibu nilikuwa msibani. Hakuandika jibu hilo.

Makame ameachiwa. Lori halishiki tena. Siku hizi anakwea minazi. Tukikutana ananisalimia vizuri, anaulizia darasa, lakini nikitaka kusema zaidi anaaga.

Kaka yako mkubwa wa tumbo moja alinisimamisha siku ya arobaini mbele ya watu. "Umemchafua marehemu ili uwe msafi wewe," akasema. "Sasa watu wanasema Hemedi alijiua kwa uzembe." Najua wanasema hivyo, na ni mimi niliyewapa maneno. Ningeweza kusema betri iliharibika. Ningeweza kusema lolote. Lakini Makame angeoza kule ndani, na wewe mwenyewe ulikwishamtetea.

Kwa wifi nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, akanikata. "Kwamba betri haipo nilijua. Hemedi alinieleza, akasema kina mama wanaihitaji kuliko yeye. Nisichokijua ni kwamba wewe ungeweza kukaa siku sita umenishika mkono hapa kwenye mkeka, usiseme." Akanipa chai, nikanywa. Tangu siku hiyo haniiti wifi. Ananiita mwalimu.

Pikipiki imetengenezwa, amepewa bwana afya mpya, kijana wa bara. Siku ya kwanza alipokuja hapa nilimwambia awashe taa zote nizione, ya mbele, ya nyuma, ya breki, na indiketa kulia na kushoto. Alinitazama kama mwendawazimu, lakini aliwasha. Mimi sipandi. Vijijini nakwenda kwa miguu, na nisikoweza kufika siendi. Darasa limepungua bila redio, ila Tatu haachi. Wiki iliyopita aliandika jina la mumewe ubaoni bila kuangalia pengine popote.

Kaka, sikuombi msamaha kwenye karatasi. Hilo naliomba kwenye sala, na jibu lake nitalipata siku nitakayolipata.

Ninalokuahidi ni hili. Mwanao Rukia ameanza kuuliza. Sasa hivi wanamwambia baba amesafiri. Atakua, na hapa kijijini kila mtu ana hadithi yake ya kifo chako. Siku atakapotaka kujua, nitamwomba mama yake ruhusa nimweke chini nimweleze mimi, tangu nilipokuomba mpaka siku ya sita, nisipunguze. Akitaka kunichukia baada ya hapo, atanichukia kwa jambo la kweli.

Lala salama, kaka yangu. Mola akupe nuru kaburini.

Dada yako,
Mwanaidi